Ngojangoja ya nauli: kisa cha Farecast

Oren Etzioni, profesa wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa angani akienda kwenye harusi ya mdogo wake. Tiketi alikuwa ameikata mapema, kwa imani ambayo wasafiri wengi tunayo kwamba anayewahi ndiye anayelipa kidogo. Akamuuliza jirani yake wa kiti alilipa kiasi gani. Jirani alikuwa amelipa pungufu, na tiketi yake aliinunua baadaye. Akamuuliza mwingine, kisha mwingine. Wengi walikuwa wamelipa pungufu kuliko yeye.

Mtu mwingine angenuna hadi ndege itue, afike harusini, asahau. Etzioni alishuka na swali. Hakutaka kujua kwa nini shirika la ndege hupanga bei jinsi linavyopanga; hiyo ni siri ya shirika, na kuifukuzia kungemchosha bure. Alitaka kujua jambo dogo zaidi: kwa kuitazama tu bei inavyopanda na kushuka, kompyuta inaweza kukuambia kama ya leo ni ya kulipa au ya kuiacha?

Swali hilo lilizaa utafiti, utafiti ukazaa kampuni iitwayo Farecast, kampuni ikanunuliwa na Microsoft, na mwaka 2014 chombo kikazimwa. Tangu hapo zimekuja zana nyingine za kutabiri nauli, zenye sura nzuri zaidi na majigambo makubwa zaidi. Narudi kwenye hii ya zamani kwa sababu iliacha hesabu zake mezani. Zana za leo hutaja asilimia ya usahihi bila kutuonyesha daftari. Utafiti uliomzaa Farecast ulichapishwa ukiwa na namba ambazo msafiri yeyote anaweza kukaa nazo na kikokotoo akazigeuza mwenyewe. Nilipozigeuza, zilisema kitu tofauti kidogo na kile kinachosimuliwa.

Abiria 4,488 wasiokuwapo

Utafiti ulitoka mwaka 2003. Etzioni na wenzake watatu, Craig Knoblock, Rattapoom Tuchinda na Alexander Yates, walitumia programu ya kuzoa bei kwenye tovuti. Walichagua njia mbili tu za ndani ya Marekani: Los Angeles kwenda Boston, na Seattle kwenda Washington, mji mkuu. Kwa kila tarehe ya safari walianza kuchungulia bei siku 21 kabla, mara nane kwa siku, yaani kila baada ya saa tatu. Katika siku 41 wakapata bei zaidi ya 12,000. Mfumo wakauita Hamlet, kwa utani juu ya yule mwana wa mfalme wa Shakespeare aliyeshindwa kukata shauri. Shauri lao lilikuwa kununua au kutonunua.

Hamlet ilichanganya njia kadhaa za kujifunza kutoka kwenye data, na mojawapo ilitoa kanuni ambazo binadamu anaweza kuzisoma. Moja ilisema hivi: zikiwa zimebaki saa 252 au zaidi kabla ya ndege kuondoka, na bei ikiwa dola 2,223 au zaidi, na safari ikiwa ya Los Angeles kwenda Boston, subiri. Nimeipenda kanuni hii kwa unyofu wake. Saa 252 ni siku kumi na nusu. Tafsiri yake ya mtaani ni kwamba bei ya kichaa iliyojitokeza mapema ina nafasi ya kurudiwa na akili. Ndani yake hamna habari za likizo, mafuta wala ushindani wa mashirika. Kuna saa, bei na njia, basi.

Kisha wakaijaribu kwa abiria wa kubuni. Kila abiria anataka ndege fulani ya tarehe fulani, anajitokeza siku fulani kununua, na Hamlet inamshauri anunue au angoje. Akiambiwa angoje, bei inatazamwa tena baadaye, na tena. Mpangilio ulikuwa wa haki kwa jambo moja ambalo zana nyingi hulinyamazia. Abiria aliyeambiwa angoje anaweza kukuta viti vya daraja la kawaida vimekwisha. Ikitokea hivyo, anapandishwa daraja la juu na gharama hiyo inaandikwa dhidi ya Hamlet. Ushauri mbaya ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na aliyeutoa.

Matokeo yaliyovuma ni haya. Hamlet iliwaokolea abiria dola 198,074. Mwaguzi wa kweli, anayejua bei zote za kesho na keshokutwa, angeokoa dola 320,572 na si zaidi. Kwa hiyo Hamlet ilifikia asilimia 61.8 ya kile ambacho hata mwaguzi angekipata. Kwa mashine iliyosoma siku 41 tu, ni kazi ya kustaajabisha, na sina nia ya kuipunguza.

Sasa geuza karatasi. Abiria wa kubuni walikuwa 4,488, na dola hizo 198,074 ziliwaangukia 341. Ukigawa unapata wastani wa dola 580 hivi kwa kila mmoja wao, karibu robo ya bei ya tiketi. Ripoti yenyewe inasema asilimia 23.8. Ni pesa nyingi. Lakini 341 katika 4,488 ni chini ya wanane katika kila mia. Ukiisambaza akiba kwa abiria wote, kila mmoja anapata dola 44 hivi, sawa na asilimia 4.4 ya nauli. Na mwaguzi je? Sambaza zake kwa wote, zinakuja dola 71.

Dola 71 hizo ndizo nilizokaa nazo muda mrefu zaidi. Zinasema kwamba kwenye njia zile, kipindi kile, hata mtu anayeijua kesho yote angepunguza nauli kwa wastani wa asilimia 7 hivi. Dari lenyewe lilikuwa chini. Abiria walio wengi hawakuwa na cha kuokoa, kwa sababu bei waliyoikuta siku ya kwanza haikushuka tena hadi ndege inaondoka.

Mpiga ramli mvivu

Tumweke kando ya Hamlet mpiga ramli mvivu. Huyu hana kompyuta. Kila anayemjia anamwambia neno moja, nunua leo, kisha anarudi kulala. Katika jaribio lile angepatia mara nyingi mno, kwa kuwa mara nyingi kununua leo ndiko kulikofaa. Angeweza kubandika mlangoni asilimia ya usahihi ya kutamanisha. Na asingemwokolea mtu hata senti, maana aliyeambiwa anunue alikuwa ameshakuja kununua.

Ndiyo maana asilimia ya usahihi ikitajwa peke yake hainiambii kitu. Ushauri wa kununua ni rahisi kuupatia na thamani yake ni ndogo. Ushauri wa kusubiri ndio wenye pesa ndani yake, na ndio wenye hatari. Hopper, programu ya kampuni ya Montreal iliyoingia kwenye simu za watu mwaka 2015, imekuwa ikitangaza usahihi wa asilimia 95. Sisemi ni uongo. Ninachotaka kujua ni mara ngapi ilithubutu kusema subiri, katika hizo ilipatia ngapi, na zile ilizokosa ziliwagharimu wasafiri kiasi gani. Asilimia 95 ni jibu la swali ambalo mwenye tiketi moja ya kununua hakuuliza.

Kuna na jambo la kile kinachohesabiwa kuwa kupatia. Zana ikisema bei itapanda, ikapanda dola tatu, imepatia. Ikisema itashuka, ikashuka dola nne siku ya Jumatano saa nane usiku, kisha ikarudi alfajiri kabla hujaamka, nayo imepatia kwenye daftari lake. Kwenye mfuko wako haikutokea.

Ngazi na kuta zake

Ili kuona kwa nini kusubiri ni hatari kuliko kunavyoonekana, tuache takwimu kidogo tuingie kwenye namna nauli inavyotengenezwa. Watu husema bei ya tiketi kana kwamba ndege ina bei moja inayopanda na kushuka kama joto la siku. Haina. Viti vya daraja la kawaida, vinavyofanana mpaka kitambaa, vimegawanywa katika makundi yenye herufi, kila kundi na nauli yake na masharti yake. Mfumo wa shirika ndio unaoamua ni viti vingapi viwe wazi leo katika kila kundi. Kundi la chini likijaa au likifungwa, anayekuja baadaye anaonyeshwa la juu yake. Bei hairefuki kama kivuli. Inaruka ngazi nzima.

Hesabu ya kugawa makundi hayo ina umri wa kutosha. Mwaka 1972 Ken Littlewood, wa shirika la ndege la Uingereza lililoitwa BOAC, aliandika kanuni ambayo bado inafundishwa. Kwa lugha nyepesi: uza kiti kwa bei ya chini leo ikiwa tu bei hiyo inazidi bei ya juu ukiizidisha kwa uwezekano wa kumpata baadaye mtu wa kuilipa. Serikali ya Marekani ilipoacha kudhibiti nauli mwaka 1978, mashirika yakawa huru kuicheza hesabu hii kwa nguvu zote. American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilitoa mwaka 1985 nauli za kupambana na People Express, shirika lililokuwa likiuza rahisi kwa kila mtu. Aliyenunua mapema alipata bei ya People Express au chini yake. Viti vya siku za mwisho viliwekwa akiba kwa mfanyabiashara ambaye lazima afike kesho asubuhi na halipi kwa pesa zake. People Express haikuumaliza muongo huo.

Kanuni ya Littlewood ukiitazama vizuri ni utabiri: nani atakuja, lini, na atakuwa tayari kulipa ngapi. Kwa hiyo zana ya kutabiri nauli haifanyi kazi ya mtabiri wa mvua. Wingu halijali nimesema nini juu yake. Zana inatabiri uamuzi wa mtabiri mwingine, tena aliyekaa mahali pazuri kuliko yake. Hamlet iliona bei tu. Shirika linaona bei, na linaona viti vilivyokwisha kuuzwa.

Juu ya hayo kuna kuta za kalenda. Nauli nyingi za chini, hasa za safari za ndani ya Marekani, huja na sharti la kununuliwa siku 21, 14 au 7 kabla ya safari. Ukishavuka ukuta, nauli ile haipo tena kwako hata kama nusu ya ndege ni tupu. Hapa ndipo kupanda na kushuka kunapoacha kuwa ndugu wawili wa kimo kimoja. Bei hushuka pale kundi la chini linapofunguliwa tena, au mshindani anapotangaza ofa na wengine wakamfuata. Mara nyingi ni nafuu ya kiasi, na haikai. Kupanda ni kuruka ngazi, pengine mbili kwa pamoja, na karibu na tarehe ya safari hakuna kinacholazimisha bei irudi.

Mshale wa siku saba

Farecast ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006, ikianza na safari zinazotoka Seattle na Boston kabla ya kuenea kwenye miji mingine ya Marekani. Kioo chake kilikuwa rahisi kuelewa, na nadhani hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake mkubwa. Unaweka safari yako, unapata mshale: juu, chini, au ulalo. Kando yake kuna asilimia ya imani, na chini yake ushauri wa kununua au kusubiri. Ulikuwa utabiri wa siku saba zijazo. Data ilikuwa imevuka kwa mbali zile bei 12,000 za Hamlet, ikawa inahesabiwa kwa mabilioni. Usahihi uliotangazwa ulikuwa takriban asilimia 75.

Tambua kwanza uungwana wa namba hiyo. Asilimia 75 ni kukiri hadharani kwamba mara moja katika kila nne tunakosea. Asilimia ya imani iliyokaa kando ya mshale nayo ilikuwa inamwambia mtumiaji kwamba utabiri huu haulingani na ule. Sidhani wengi waliisoma. Mshale unasomwa kwa jicho. Asilimia inasomwa kwa akili, na msafiri aliyeshika kadi ya benki mkononi anatafuta mtu wa kumwamulia.

Sasa chukua siku saba hizo uzilaze juu ya kuta za kalenda. Msafiri aliyebakiza siku 17 akaambiwa asubiri wiki, ameambiwa pia, bila kutajiwa, avuke ukuta wa siku 14. Aliyebakiza siku 24 anavushwa ule wa 21. Mashine iliyolishwa safari nyingi huenda imeshauona ukuta kwenye data yake, na kwa kawaida itasema nunua kabla yake. Lakini ikikosea hapo haikosei kwa dola tano.

Tufanye hesabu, ya mfano tu, namba ni zangu. Umeambiwa usubiri, na zana hupatia mara 75 katika 100. Ikipatia unaokoa dola 50. Ikikosa, umeruka ngazi na unalipa dola 150 zaidi. Wasafiri mia wakifuata ushauri huo, 75 wanaokoa jumla ya dola 3,750, na 25 wanapoteza jumla ya dola 3,750. Sifuri. Zana ina usahihi ambao mwanafunzi yeyote angeupokea kwa shangwe kwenye mtihani, na wateja wake mia wamemaliza wiki nzima wakichungulia simu bila faida yoyote wakichukuliwa kwa pamoja. Ikiwa kosa linagharimu zaidi ya mara tatu ya akiba, wanapata hasara. Ikiwa safari ni ya mbali, bei ya leo iko juu kuliko kawaida yake, na ukuta wa karibu uko wiki nyingi mbele, kosa linagharimu kidogo na mshale huo huo wa kushuka unafaa kufuatwa. Asilimia ni ileile katika hali zote mbili.

Subira huvuta heri, na ngojangoja huumiza matumbo. Methali zote mbili zina wenyewe. Ya kwanza ni ya mtu anayeweza kusogeza safari yake, aondoke Jumanne badala ya Ijumaa, au asiende kabisa bei isipompendeza. Huyu akikosea anabadilisha mpango. Ya pili ni ya mtu wa harusi, wa mazishi, wa mtihani, ambaye tarehe yake iliwekwa na wengine. Kwake daima kuna siku ambayo atalipa chochote atakachoambiwa, na hesabu za Littlewood zilitengenezwa kwa ajili ya kumngojea mtu kama yeye. Inachekesha kidogo kwamba aliyeanzisha mambo haya yote alikuwa anakwenda harusini. Angekuwa na Farecast wakati ule, ningemshauri asubiri nayo ikiwa tu bado alikuwa na miezi mkononi, na aache kuitazama wiki nne kabla ya sherehe.

Baada ya kununuliwa

Microsoft iliinunua Farecast mwaka 2008 kwa zaidi ya dola milioni 100, na ilipozindua Bing, tovuti yake ya kutafuta habari mtandaoni, mwaka uliofuata mshale ukahamia humo. Mwaka 2010 Google ilitangaza kuinunua ITA Software, kampuni iliyokuwa na mtambo wa kutafuta nauli uliotumiwa na tovuti nyingi za safari, Bing ikiwamo, kwa dola milioni 700. Wizara ya Sheria ya Marekani iliruhusu ununuzi huo mwaka 2011 kwa masharti. Kayak, tovuti ya kulinganisha nauli, ikaweka utabiri wake wa siku saba mwaka 2013, na mwaka 2014 Microsoft ikauzima wa kwake. Nayataja haya kwa haraka kwa sababu ya jambo moja lenye uzito kwa msafiri: zana haiwezi kuwa na macho mapana kuliko data inayopewa. Kwa miaka mingi nauli za Southwest, shirika kubwa la ndani ya Marekani, hazikuonekana kwenye tovuti za kulinganisha bei. Zilianza kuonekana Google Flights na Kayak mwaka 2024 tu. Aliyekuwa akiambiwa kwamba hii ndiyo bei ya chini kwenye njia yenye ndege za Southwest alikuwa akiambiwa nusu ya habari.

Zana zote hizi zina udhaifu wa pamoja, nao ni kwamba zimesomeshwa jana. Jana ikifanana na leo, mambo ni mazuri. Mwaka 2020 mashirika yaliegesha ndege kwa mamia, na historia yote ya bei ikawa hadithi ya dunia nyingine. Kisha watu wakarudi viwanjani kwa wingi, mafuta yakapanda baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na mwezi Aprili 2022 kipimo cha serikali ya Marekani cha nauli za ndege kikaruka asilimia 18.6 kwa mwezi mmoja, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa tangu kipimo hicho kianze mwaka 1963. Aliyekuwa ameambiwa mwezi Machi asubiri aliisubiri hiyo. Hakuna mashine iliyosoma miaka ya kawaida ambayo ingeliona hilo likija, na siilaumu. Ninachokilaumu ni kioo kinachoonyesha asilimia ya imani ileile katika mwezi wa kawaida na katika mwezi kama ule.

Kitu kingine kilichobadilika kinamfaa msafiri zaidi ya utabiri wowote, ingawa hakina mshale. Tangu 2012 sheria ya Marekani inayataka mashirika yanayouza safari za kuingia au kutoka huko yampe mnunuzi saa 24, ama za kushikiliwa bei bila kulipa, ama za kughairi na kurudishiwa pesa zote, mradi ananunua siku saba au zaidi kabla ya safari kwa shirika lenyewe. Na mwaka 2020 United, Delta na American ziliondoa ada ya kubadilisha tiketi nyingi, isipokuwa zile za bei ya chini kabisa. Maana yake ni kwamba mwenye tiketi inayobadilishika anaweza kununua leo, kisha bei ikishuka akabadilisha na tofauti akawekewa kama salio la safari nyingine. Salio si pesa taslimu, na lina tarehe ya kuisha. Hata hivyo limegeuza swali: badala ya kusubiri bila tiketi huku ukiomba bei ishuke, unasubiri ukiwa nayo. Mtu wa kubashiri mwelekeo hahitajiki hapo. Inatosha tahadhari ya bei, ule ujumbe unaokuja bei ikibadilika, ambao hautabiri chochote na kwa hiyo haukosei.

Vivyo hivyo naamini zaidi sehemu ya Google Flights inayosema bei ya leo ni ya chini, ya kawaida au ya juu kwa safari kama hii. Hiyo ni habari ya jana iliyosemwa kama habari ya jana. Ukiambiwa bei iko juu ya kawaida na bado una miezi mitatu, unajua la kufanya bila mshale. Ukiambiwa iko chini, lipa ulale.

Nani analipa ikikosea

Kwenye jaribio la 2003 makosa ya Hamlet yaliandikwa kwenye hesabu ya Hamlet. Kwenye maisha ya msafiri kosa la zana linaandikwa kwenye kadi ya msafiri. Kwa hiyo nilipotaka kujua wenye zana wenyewe wanaziamini kiasi gani, niliacha kutazama asilimia nikatazama wapi wameweka pesa zao.

Farecast ilijaribu jambo hilo mapema, mwaka 2007. Ilipotabiri kwamba bei itashuka au itatulia, iliuza kinga iitwayo Fare Guard kwa takriban dola 10. Bei ikipanda ndani ya siku saba, kampuni inalipa tofauti. Hopper nayo huuza huduma ya kugandisha bei: unalipa kiasi leo, bei inashikiliwa kwa muda, na ikipanda programu inabeba tofauti hadi kikomo kilichowekwa. Etzioni mwenyewe baadaye alianzisha Decide.com, iliyotabiri bei za bidhaa za elektroniki na kuahidi kumlipa mteja aliyepotoshwa, hadi eBay ilipoinunua mwaka 2013.

Google ilikuja na dhamana ya bure. Mwaka 2019 kwa wiki chache, na tena kwa majaribio kuanzia 2023, safari fulani zilianza kuwekewa alama kwamba bei yake haitarajiwi kushuka. Ukinunua kupitia Google ikashuka kabla hujapaa, unarudishiwa tofauti, kwa kikomo cha dola 500 kwa mwaka katika toleo la 2023, na ni kwa safari zinazoanzia Marekani tu.

Ziweke kandokando. Kinachodhaminiwa bure ni ushauri wa kununua sasa, na hata huo umebandikwa kwenye safari chache zilizochaguliwa. Ushauri wa kusubiri, anayetaka udhaminiwe huulipia.